Kati ya Stesheni

Makala arobaini na moja.
Nimeyachapa kwa Awiti, nyuma ya soko la Jubilee,
shilingi tano ukurasa, na bado akanidai themanini
kwa kuwa wino ulimwishia tukiwa Koru.

Nimeyatandaza sakafuni hapa Migosi:
Nakuru karibu na mlango, Njoro, Molo,
Londiani chini ya kiti, Muhoroni, Kibigori,
Kisumu imegusa mguu wa jiko.
Miaka minne, moja kila mwezi,
ukitoa miezi saba niliyomwuguza mama.

Nilidhani kitabu ni kuunga mabehewa:
ndoana kwa ndoana, filimbi, twende.

Bi Chelagat alirudisha mswada
umejaa kalamu ya risasi pembeni.
*Mara kumi na tisa unajitambulisha.
Msomaji keshaingia ndani, mwanangu;
mpe kiti, usimpigie hodi.*
Na chini, kwa maandishi madogo zaidi:
*Baba yako anakufa mara tatu.
Londiani ni homa ya mapafu.
Miwani, ajali.
Kibos "alipumzika", basi.
Ni yupi tumzike?*

Nililala na swali hilo wiki nzima.

Njoro nimeikata yote.
Inaniuma. Ile habari ya mpima mizani
na gunia lake la vitunguu, watu waliisifu,
wakanisimamisha hata kanisani.
Nimebakiza sentensi moja,
na hiyo moja nimeihamishia Molo
ambako, ajabu, imepata baridi ya kwao.

Aliyeandika la kwanza alikuwa na haraka
na aibu iliyovaa vizuri.
Aliyeandika la arobaini na moja
alikwisha sahau alichoficha.
Sasa wote wawili wanaishi nyumba moja,
na mimi ndiye nimeitwa kuwasuluhisha.

Stesheni ninazo. Saa za treni ninazo,
rangi za bendera, majina ya waliotia makaa.
Sina njia.
Sina yale mataruma, moja baada ya jingine,
ambayo baba aliyahesabu kwa miguu
siku walipomwachisha kazi Muhoroni
bila mshahara wa miezi tisa,
akarudi nyumbani juu ya reli ileile aliyoilinda,
miwa kushoto, miwa kulia,
na hakuna treni ya kumpisha.

Kwa hiyo nimesogeza karatasi.
Kati ya Kibigori na Miwani
nimeacha sakafu tupu, upana wa mkeka.

Stima ikapotea. Mama akaja na ufagio na taa,
akavuka Londiani, akavuka Muhoroni
akiinua leso asikanyage,
akasimama pale patupu.
"Hapa hamna karatasi. Nifagie?"
"Usifagie. Hapo ndipo alipopita."

Aliegemeza ufagio ukutani.
Akatazama simiti kwa muda,
taa ikimtetema mkononi.
"Viatu alivibeba," akasema.
"Alisema ni vya kampuni, asije akavimaliza.
Hilo hukuwahi kuandika."