Kadi ya Jua

Saa tatu asubuhi, Dagoretti Kona,
nafungua geti dogo la waya,
kitambaa mkononi, penseli sikioni.
Kwanza nafuta tufe la kioo.
Kitambaa kilichotoka nyumbani cheupe
kinarudi na rangi ya ugoro.

Tufe hili lina kazi moja tu:
hulikusanya jua likawa ncha,
ncha ikachoma kadi mstari mweusi
tangu macheo hadi machweo.
Ndiyo hati ya jua, yaandikwa kwa moto.
Ila siku hizi jua huchelewa kuanza barua.
Saa moja, hamna. Saa mbili, doa,
kama mtu anayejaribu kalamu iliyokauka.
Na mbinguni hakuna wingu hata moja, naapa.

Kando kuna sinia la maji,
la bati, kimo chake shubiri moja.
Jua hunywa, nami hupima lilichobakiza.
Katika daftari la Bwana Otenyo aliyenitangulia,
mwaka wa sabini na mbili, mwandiko wa kulala:
Februari, milimita saba. Saba. Sita nukta nane.
Februari yangu: tano na nusu. Tano.
Na kipimajoto kimepanda digrii moja na ushei.
Joto limezidi, kiu imepungua!
Nilidhani nimekosea. Nikapima tena,
nikagonga ukingo, nikasubiri maji yatulie.

Jibu lilikuwa kwenye kitambaa.

Moshi wa jaa la Dandora usiojua kulala,
dizeli ya malori ya Barabara ya Mombasa,
waya zinazochomwa ili shaba itoke,
na jiko la mama yangu, Kalondu,
pale Kawangware Arobaini na Sita,
anapochoma mahindi tangu sijazaliwa.
Moshi ule ulinilipia karo.
Ndio huu naufuta.

Siku moja aliniuliza, akigeuza hindi kwa vidole:
"Sasa masizi yangu yanazuiaje mvua?"
Nikamwambia: Mama, umewahi kwenda matangani
wageni wakawa mia tano na mbuzi mmoja?
Ndivyo wingu lilivyo. Mvuke ni ule ule,
ila kila chembe ya moshi imeketi na sahani,
yadai tone lake,
yapata la kulamba.
Hakuna tone linaloshiba likawa zito, likaanguka.
Wingu lapita juu ya Ngong
limejaa, na lina njaa.

Akacheka. Kisha akanyamaza, akapepea makaa.
"Na usiku ule wa Aprili, Mathare ilipobebwa?"

Hapo nilikwama kidogo.
Hewa ya moto, Mama, ina mfuko mpana.
Hukopa maji mengi, hukawia kulipa,
na ikilipa hulipa yote usiku mmoja,
mlangoni kwa mtu asiyeidai.

"Basi tuuzime moshi."

Tuuzime. Mtoto wa Ndinda anayelala ameketi
anataka tuuzime, hata leo.
Lakini sitakuficha: moshi huu
umekuwa pia pazia dirishani.
Siku tukilivuta, jua litaingia lote
litukute bado tumejifunika blanketi,
lile lisiloonekana, lisilofutika kwa kitambaa.
Masizi huanguka kwa wiki moja.
Blanketi litawarithi wajukuu.

Hakujibu. Alinipa hindi,
upande mmoja limeungua.
"Kula," akasema. "Nilikuita Syombua
kwa kuwa ilinyesha siku tatu mfululizo.
Nilidhani nimekupa jina.
Kumbe nilikupa kazi."

Jioni nachomoa kadi, naisoma kwa taa.
Doa la kwanza: saa mbili na dakika ishirini.
Sinia: tano nukta moja.
Mvua: hakuna.
Na chini kabisa, pasipo na safu,
kwa penseli nyepesi ambayo ofisi inaweza kuifuta:
Upepo watoka Kawangware.
Unanukia mahindi.