Mifuko ya Dezső

Miaka ishirini na tisa nimepima hofu kwa matone:
tone la damu kutoka mkiani mwa panya,
tone jingine baada ya nusu saa,
na kati ya hayo mawili
panya kabanwa ndani ya neli ya plastiki.
Haumii. Hageuki. Hajui tu itaisha lini.
Hilo ndilo neno lenyewe: kutojua itaisha lini.
Mengine yote niliyochapisha ni tanbihi.

Szeged, ghorofa ya tatu, dirisha juu ya mto Tisza.
Majira ya baridi mabomba ya joto yaligonga ukutani
kama mgeni aliyenyimwa mlango.
Nilikata bongo vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
nikavitia rangi ya zambarau, nikahesabu
matawi ya seli pale hipokampasi inapojikunja
mfano wa farasi wa baharini.
Kwa waliobanwa, matawi yalikuwa haba,
mti uliopogolewa na mtu mwenye hasira.

Lakini panya wangu walikuwa na sifa yao.
Wiki tatu za neli, kisha matawi yakachipua upya,
upesi kuliko ya panya wa Vienna, kuliko ya Praha.
Nikaipa sababu jina refu.
Nikaichorea mishale.
Nikapata ruzuku, na medali ya shaba
ambayo mama aliiweka kabatini, kando ya kopo la chumvi.

Kisha Dezső Halmos akastaafu.
Msafisha vizimba, mtu wa maneno machache na tumbaku nyingi.
Tulimpa saa ya ukutani, tukakata keki,
nami nikatamka jina lake la ukoo visivyo.

Miezi minne, na matawi hayachipui.
Nikabadili chakula. Nikabadili taa.
Nikamshuku Boróka, mwanafunzi wangu,
mbele ya watu, mpaka akaenda kulia chooni.
Usiku nilisaga meno, nikala mkate nimesimama,
mimi, bingwa wa msongo, mwenye hotuba
juu ya usingizi na pumzi ndefu.
Kinyozi hajinyoi.

Ni Boróka aliyepanda basi hadi kwa mzee.
Alimkuta uani akitunga pilipili nyekundu kwenye uzi.
“Ulikuwa ukiwafanya nini?”
“Sikuwafanya kitu.”
“Kitu chochote kabisa?”
“Nikiwatoa kwenye neli nawatia mfukoni.
Mmoja huku, mmoja huku.
Nisafishe kizimba, nao wawe wapi?”

Mfukoni!
Pamba nzito, giza, harufu ya tumbaku,
na mapaja ya mtu yakitembea bila haraka.
Miaka yote hiyo nilimpima Dezső
nikidhani napima ubongo.

Masahihisho yalikuwa kurasa mbili.
Yalinichukua mwaka mzima kuyaandika.
Mhariri aliuliza: mbinu hii ielezwe vipi?
Nikajibu: koti lisilofuliwa, dakika ishirini,
mfuko wowote.
Vienna walicheka. Baadaye wakanunua makoti.
Boróka nilimwomba radhi, naye akanisamehe
kwa sauti ya mtu ambaye bado anafikiria.
Medali hakuna aliyeidai.

Leo mama yuko wodi ya saba, miaka themanini na nane,
na jina langu limemtoka tangu Pasaka.
Kila baada ya dakika mbili hushika ukingo wa kitanda:
“Itaisha lini?”
Najua homoni gani inampanda, kwa kiwango gani,
inapita wapi, inabomoa nini.
Sina jibu.
Nimeuchukua mkono wake, mwepesi kama karatasi ya kichujio,
nikautia mfukoni mwa koti langu pamoja na wangu.
Mlikuwa na tiketi ya tramu mle, na kifuniko cha kalamu.
Alivipapasa kimoja kimoja.
Dakika mbili zikapita, zikapita nyingine,
na mabomba yakaendelea kugonga.