Mpini wa Ufagio

Mwaka ule mama hakuweza kushuka ngazi.
Majani ya Todmorden yalikuwa yamegeuka kutu,
yameziba mifereji, yamenata kwenye viatu,
na Jumamosi ulikuwa usiku wa mioto na fataki.
Usiku wa mioto bila tufaha la tofi
ni arusi bila bibi arusi.

Baba alikuwa dereva wa basi.
Mikono yake iliujua usukani,
haikuujua mwiko.
Alivaa aproni ya mama, ile ya maua;
kamba hazikukutana mgongoni,
akaziunga kwa uzi wa kiatu, akatuonya mimi na Rowena:
"Atakayecheka atakula tufaha tupu."

Mama alilala juu ya jiko hasa,
mpini wa ufagio kando ya mto wake.
Walikuwa wamekubaliana:
pigo moja, bado.
Mawili, sasa.
Matatu, Wilfred, unaniunguzia nyumba.

Tukaanza kusugua. Matufaha ya sokoni yana nta.
"Maji moto," sauti ilishuka ngazini, "na kitambaa kikavu,
la sivyo sukari itateleza kama ahadi ya mlevi."
Ya Bwana Ackroyd hayakuwa na nta,
yalikuwa na makovu,
na moja lilikuwa bado na mpangaji ndani.

Baba alichonga vibanzi vya kuwashia moto,
akavichomeka pale kikonyo kilipong'oka.
Kila kimoja kilitoa mlio mdogo wa maji,
kama mtu anayekanyaga theluji ya kwanza.

Kisha sukari, siagi, kijiko cha siki,
na asali nyeusi ya miwa iliyogoma kutoka koponi.
Povu likapanda. Dirisha likatoka jasho.
Tok.
Baba akadondosha tone kwenye bakuli la maji baridi:
likalala chini, laini, kama nta ya mshumaa.
Kweli, bado. Alijuaje?
Hakuwa na macho ya kupenya mbao.
Alikuwa na pua tu, na harufu ilipanda
katika nyufa za sakafu ikampa habari.
Harufu ya maziwa. Tok.
Harufu ya njugu. Tok.
Kisha harufu moja isiyo na jina,
inayokaa hewani kufumba na kufumbua.
Tok, tok.

Baba akazamisha, akazungusha, akainua,
na tofi ikashuka polepole, ikayavika matunda
koti la rangi ya fanicha kuukuu.
Rowena akaangusha tone la mwisho majini:
likalia *kti*, likapasuka kama kioo.

Lililo zuri kuliko yote lilipanda juu kwenye sahani.
Mama hakuweza kulitafuna. Alililamba,
akasema, "Ungeongeza siki,"
na baba akashuka akicheka, macho mekundu.
Alisema ni moshi.

Jikoni hamkuwa na moshi.

Mwaka uliofuata, sufuria ile ile.
Povu. Harufu ya maziwa. Harufu ya njugu.
Sote watatu tukainua nyuso kuitazama dari,
mwiko ukasimama,
tukangoja.

Ile isiyo na jina ikaja, ikapita.
Mahali fulani mtaani, fataki ya mtu asiye na subira ikalipuka.
Rowena ndiye aliyeshtuka kwanza.
Tofi ilikuwa imeshika weusi ukingoni.
Baba akazamisha hivyo hivyo, bila neno,
matufaha yote kumi na moja,
na tukayala kando ya moto, midomo tumeikunja,
hakuna aliyebakiza.

Sasa nina jiko langu. Kipimajoto kimo kwenye droo.
Digrii naijua, harufu naijua,
lakini kila Novemba mkono wangu huchelewa,
sekunde tatu, nne,
uso umeelekea juu,
ambako hakuna hata chumba, ni paa tu.

Juzi Bryony, kitinda mimba wangu,
alikula tufaha la tofi kwenye tamasha la shule,
akarudi amenuna.
"Lilikuwa tamu tu," alisema.
"Walisahau kutia uchungu."