Kwa Lali, Anayetaka Kuinunua Boti

Lali, umeiona ikielea, ukaipenda.
Kila boti hupendeza ikielea.
Njoo uione maji yamekupwa, imelala ubavu topeni
kama mbuzi aliyekataa kusafiri,
ndipo tuzungumze bei.

Mbao ni za mwaka niliomzaa Mwanamkuu.
Fundi Bwanaheri wa Matondoni alizipigilia kwa mkono,
akalipwa nusu, nusu anaidai mpaka leo;
ndiyo maana ubavuni pameandikwa NALIPA KESHO.
Rangi utabadilisha. Jina, muulize fundi kwanza.

Injini ni farasi kumi na tano,
ila watatu wazee, na mmoja mkaidi asubuhi.
Oili changanya mwenyewe, kwa kipimo,
usimwachie kijana wa petroli pale Mokowe
anayepima kwa jicho huku akijibu simu.
Plagi mbili za akiba zikae ndani ya soksi,
soksi ndani ya mfuko, mfuko kifuani mwako.
Pini ya propela vilevile.
Niliwahi kuweka msumari wa kitanda mahali pake:
ulitufikisha Kizingitini,
ukakatika tunafunga kamba. Mungu alitusitiri.

Kuna leseni. Kuna jaketi kumi na mbili,
afisa huzihesabu, kisha huvuta kamba mojamoja.
Kuna deheni, na chaza wa kukwangua chini ya mkuku
mpaka kucha zinasahau hina.
Boti haili, Lali. Hutafuna.

Sasa Mkanda.
Wanasema siku hizi kunapitika saa zote.
Waache. Mchanga hausomi matangazo.
Maji yakiwa rangi ya chai kavu, nenda.
Yakiwa rangi ya chai ya maziwa,
zima, inua mguu wa injini, shika pondo,
na abiria akikuuliza kuna nini, mwambie akae kitako.
Siku za maji mafu utapita unapiga soga.
Siku za bamvua, kupwa hukausha hata uongo.

Mimi nilisema robo saa haina neno.
Ilikuwa alfajiri ya mtihani wa hesabu:
mimi, mwalimu mmoja, askari mmoja
na sanduku la chuma lenye kufuli mbili.
Tukapwelewa katikati ya mikoko.
Nilisukuma hadi kifua kikalia,
mwalimu akasukuma na viatu vyake vya ngozi,
boti ikatutazama.
Askari alisimama na bunduki, tope magotini,
akiyalinda maswali dhidi ya kaa.
Jua likapanda. Hakuna aliyesema.
Huko Siyu watoto walikaa safu kwa safu, kalamu mkononi,
wakingoja maji.
Mwanangu alikuwa safu ya pili.

Alipita, kwa taarifa yako.
Lakini mpaka leo akikosea kujumlisha, hata bei ya nyanya,
husema, "Mama, ni ile robo saa yako."
Sasa yuko chuo cha uuguzi,
na karo ndiyo inayouza boti. Usidhani nimechoka.

Jambo la mwisho sikulisema kwa aliyekuja kabla yako;
alikuwa na saa kubwa na maneno mengi.
Inavuja. Upande wa tezi, taruma ya tatu,
pamba ya kalafati haikai hapo hata uibembeleze.
Si sana. Huingia taratibu,
kama mtu anayepita nyuma ya mlango asikilize.
Siku utakayojua kiasi cha maji ngamani
bila kugeuza shingo, kwa unyayo tu,
siku hiyo itakuwa yako. Karatasi ni za afisa.

Nanga nakupa, amari nakupa, pondo nakupa.
Upo siuzi.
Ni kidumu cha mafuta kilichokatwa kwa kisu, najua,
utapata kingine bure dukani kwa Kupi.
Basi kachukue cha Kupi.

Njoo Alhamisi, maji yatajaa saa nane.
Ukifika saa nane na robo
utaikuta imeanza kukaa,
na mimi huenda nimeketi ndani yake,
nafua maji,
nimebadili nia.