Upenyo wa Kidole Kimoja

Gari hili lilikuwa la mikate.
Nimelipaka kijani mara mbili,
lakini jua la Tanga halitunzi siri:
kila kiangazi herufi zinarudi ubavuni,
MOTO MOTO,
kama kovu lisilokubali kusahau.
Watoto wa Makorora wananigongea alfajiri,
sarafu zimelowa jasho viganjani,
nami natoka na mswaki mdomoni kuwaambia
hapa hauuzwi mkate,
hapa analala mtu.

Natengeneza vyerehani.
Maweni, Pongwe, Muheza, kambi za mkonge hadi Mwera,
nazungusha sindano, mikanda, chupa za mafuta,
na usiku nalala pale kazi iliponiachia.

Si popote.
Nimejifunza kuisoma nchi kwa jicho la mwizi.
Penye kivuli kizuri mchana, usiku sipaamini.
Kule Sahare, mahali patulivu kuliko pote,
niliwahi kukuta vioo vya gari la mtu
vimemwagika mchangani, vinang'aa kama sukari.
Kwa hiyo sheli ya Kange, chini ya taa, karibu na choo,
pua ya gari ikitazama barabara,
dizeli isishuke chini ya robo,
ufunguo ndani ya kiatu cha kushoto. Daima cha kushoto.
Fedha nimezigawa kama mirathi:
kidogo kwenye pochi, fungu la atakayekuja na panga;
zilizobaki tumboni mwa cherehani kimoja kibovu
ambacho kila mteja anakitaka
na mimi sikiuzi.

"Mwanamke peke yako, huogopi?"
Naogopa, sana tu.
Hofu ndiye utingo wangu:
anapiga matairi teke kabla hatujaondoka,
anajaribu vitasa, anachungulia uvunguni,
halafu anakaa mlangoni kimya
na mshahara hadai.

Saa tatu usiku namwandikia dada, Muheza:
"Kange. Nimefunga."
Anajibu, "Haya."
Usiku mmoja salio liliisha, nikapitiwa na usingizi.
Saa sita rungu likagonga bati.
Shekiondo, mlinzi wa sheli, simu sikioni:
"Bibi, dada yako anauliza kama umekufa."

Lakini aliyenifundisha kufunga na kufungua
hakuwa mwizi.
Alikuwa Semkiwa, fundi wa redio, naye akiishi garini.
Kufuli tatu, nondo madirishani,
mnyororo kwenye usukani.
Tulimtania: wewe umejipeleka jela, na jela yenyewe ina magurudumu.
Julai ile alipanda Lushoto, baridi ikamng'ata
mtu wa joto, mtoto wa Duga.
Akaingiza jiko la mkaa ndani,
akafunga,
akaziba kwa tambara hata tundu la ufunguo.

Ilichukua nusu saa kuvunja mlango.
Blanketi limefika kidevuni,
redio bado inasoma bei za mazao,
hakuna kilichoibwa, hata betri moja.
Mwizi aliachwa nje.
Kifo alikipakia mwenyewe,
akakipepea kiwake.

Tangu hapo jiko langu hulala nje, nyuma ya bampa,
limezimwa kwa maji, mvua ikitaka inyeshe.
Na kioo cha nyuma nakiacha wazi,
upenyo wa kidole kimoja.
Mkono haupiti. Nilipima kwa mkono wa mtoto
aliyekuja kutafuta mkate,
akacheka, akadhani ni mchezo.

Mbu wanapita.
Vumbi la saruji linapita, na umande,
na kikohozi cha Shekiondo anapozunguka,
na mwanga wa tochi yake
unaokatiza dari, ukanishukia usoni,
ukanihesabu:
mmoja.

Nageukia ukutani.
Nanyoosha mkono gizani.
Kiatu kipo.