Dakika Kumi na Saba

Mara nne nimepiga chapa barua ya Dokta Fulgens Kikoti
ya kuomba kupandishwa cheo.
Ya kwanza kwa taipureta yenye k iliyovunjika mguu,
ya mwisho kwa kompyuta ambayo asubuhi za Juni
haikuwaka mpaka uifunike khanga.
Baridi ya Iringa haijali shahada.

Kazi yake yote ilitoka kwenye kaseti moja.
Mwaka sabini na nne, akiwa mwanafunzi, bado ana nywele,
alikaa nyuma ya mkutano kwenye kijiji juu ya Ifunda,
kinasa sauti mapajani, chini ya koti.
Ofisa wa wilaya akauliza:
Mnakubali kuhama?

Dakika kumi na saba hakuna aliyejibu.

Nilizipiga chapa dakika hizo.
Dokta, nikamwuliza, kimya kinaandikwaje?
Akanipa karatasi.
Ya pili, kuku.
Ya tano, kikohozi cha mwanamume,
labda Mhepela, labda mdogo wake.
Ya tisa, mtoto anataka maji, ananyamazishwa.
Ya kumi na nne, mvua inagusa bati la ghala
na hakuna anayeinuka kwenda kuanua mahindi.
"Hapo," akagonga meza yangu kwa kalamu,
"hapo, Bi Tumpale, pigia mstari.
Hiyo ndiyo hoja yao."

Watu husema kunyamaza ni kukubali.
Yeye alipinga kwa kurasa mia tatu na kumi
na tanbihi ndefu kama foleni ya mbolea.

Wenzake walipanda. Yule wa mikataba ya Wajerumani
alipata safari, akapata uprofesa, akapata kitambi.
Yule wa fikra za dola alikwenda Dodoma kuishauri dola,
akaacha kuifikiri.
Dokta alibaki na kipindi cha saa moja asubuhi,
wanafunzi mia mbili ndani ya masweta,
akisahihisha mitihani jikoni kwake Kihesa
hadi karatasi zikanuka vitunguu.

Kamati ilijibu mara ya kwanza: chanzo kimoja hakitoshi.
Mara ya pili: majarida yako si ya kimataifa.
Mara ya tatu: faili halionekani.
(Lilikuwa chini ya mguu wa kabati, ofisi ya jirani.
Nililichomoa mwenyewe, nikaweka tofali.)
Mara ya nne haikujibu.
Miaka sita.

Mimi nilimwonea huruma. Yeye alinunua daftari.
Februari: hakuna barua. Mwenyekiti kanisalimu akitazama viatu.
Machi: hakuna barua. Kamati imekaa, imekula pilau.
"Wale wa Ifunda," akaniambia, "hawakuwa na nguvu ya kusema hapana.
Hawa wanayo ya kusema ndiyo, na wananyamaza.
Sikuwahi kuvitenganisha vimya hivi.
Sura ya tano ina kasoro."
Akairudia sura ya tano.

Wiki aliyostaafu, kijana wa kompyuta aliihamisha ile kaseti.
Alikuja amefurahi: "Mzee, nimekuondolea kelele zote!"
Kuku hakuna. Kikohozi hakuna. Mvua hakuna.
Dokta alisikiliza hadi mwisho, dakika zote kumi na saba,
kisha akamshukuru kijana, akamwuliza kwao ni wapi.
Utepe wenyewe ulikuwa umeliwa na mashine.

Kwa hiyo sasa chanzo ni karatasi zangu,
zenye k zinazochechemea: kuku, kikohozi.
Juzi amekuja binti kutoka Mbeya, anaandika tasnifu.
Akazigeuza moja moja, akaninyanyulia macho.
"Mama, wewe ulikuwepo?"

Nikatazama dirishani, Gangilonga imefunikwa ukungu.

Naye akaangalia saa yake,
akaandika.