Hodi

Saa kumi na moja, jua la Seeb halijanoa makali,
nakanyaga pedali kwenda jikoni kwa watu.
Kengele ilikufa tangu Machi;
natumia ulimi, kama anayefukuza kuku:
shii, shii.

Njia ni moja. Wakimbiaji, kigari cha mtoto,
paka wasiojua kulia wala kushoto,
na mama wa abaya na raba nyeupe
anayetembea katikati kama mwenye hatimiliki.

Shii.
Hageuki.
Nateleza mchangani, naropoka Kiswahili cha Likoni,
kile kisichosemwa mbele ya mama.

Anasimama. Anacheka mpaka ushungi unamtoka.
"Mwana wa watu, si ungepiga hodi?"

Siku hizi napiga hodi barabarani.
Naye, bila kugeuka, hujibanza:
"Karibu. Pita."